Marina, boya au nanga: chombo kilale wapi?

Anayesafiri kwa mashua ya tanga hukaa amesimama muda mrefu kuliko anaokwenda. Leo anatoka Tanga, kesho yuko Pemba, keshokutwa anangoja upepo. Na kila jioni kuna swali moja la kujibu: chombo kilale wapi?

Majibu ni matatu, na watu huyachanganya. Marina ni bandari ndogo iliyojengwa kwa vyombo vya starehe: ina ukuta wa kukata mawimbi, magati yanayoelea, umeme, maji ya bomba, mlinzi, na ankara asubuhi. Boya, kwa maana tunayoizungumza hapa, huelea juu ya mnyororo ulioshikizwa chini ya bahari kwenye jiwe la zege au skrubu kubwa iliyozamishwa ardhini. Unafika, unadaka kamba yake, unafunga, basi. Nanga ni chuma chako mwenyewe na mnyororo wako, mahali ulipopachagua wewe.

Wengi hupanga chaguo hizi kwa bei, kutoka ya juu hadi ya bure. Mimi huzipanga kwa swali jingine: usiku upepo ukivuma, ninamtegemea nani? Marinani unamtegemea aliyejenga ukuta. Kwenye boya unategemea jiwe usiloliona na mtu aliyelifunga mnyororo, pengine miaka mingi iliyopita. Kwenye nanga unajitegemea wewe na hesabu zako. Ndiyo maana kuna usiku ambao nanga ya bure hunipa usingizi mzuri kuliko boya la kulipia.

Hesabu yenyewe huanza na maji kujaa na kupwa. Hapo ndipo mashauri mengi yaliyoandikwa Ulaya hayatufai. Katika Mediterania, sehemu nyingi bahari haipandi wala kushuka hata nusu mita. Kwa hiyo nahodha wa kule hurudi kinyumenyume mpaka ukutani, anafunga tezi, yaani nyuma ya chombo, anatandika ubao, na abiria wanashuka kwenda kula. Jaribu hivyo kwenye ukuta wa Forodhani, Unguja, wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya kila nusu mwezi, uone ubao utakavyokuwa saa sita baadaye. Pwani yetu, bamvua hupandisha na kushusha maji mita tatu na zaidi, mara mbili kwa siku. Wafaransa wa Saint-Malo wanatushinda mbali, kwani kwao tofauti hukaribia mita 12. Mojawapo ya marina zao imejengewa kizingiti cha zege mlangoni ili maji yasitoke yote, na yoti huingia na kutoka kwa saa maalumu.

Chukua mfano. Siku za bamvua katika pwani ya Zanzibar na Mombasa, maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Mgeni anafika saa kumi jioni, kipima kina kinamwonyesha mita 5, anaona ni pazuri, anatupa nanga na kuanza kupika. Saa nne usiku maji yameshuka mita 3 na nusu. Imebaki mita 1 na nusu, na mkuku wake, uti wa chini ya chombo, unazama mita 1.8. Chombo kimelala ubavu juu ya fungu na sufuria ziko sakafuni. Bahari haikumfanyia hila yoyote. Ilifanya inachofanya kila nusu mwezi, na mvuvi yeyote ufukweni angemwambia kama angeuliza.

Kosa la upande wa pili halionekani haraka. Umefika saa nne asubuhi, maji yamekupwa, kina ni mita 4. Mnyororo uteremshe kiasi gani? Kanuni ya kawaida ni mara tano ya kina kwa mnyororo, na mara saba kwa kamba. Sababu yake aielewa yeyote aliyewahi kung'oa muhogo: ukiuvuta kwa mlalo hautoki, ukiuvuta kwenda juu unakuja na mizizi yake. Nanga nayo hushika ikivutwa mlalo. Lakini kina unachokizidisha mara tano ni kile cha maji yakijaa, ukijumlisha na kimo cha omo, yaani mbele ya chombo, kutoka juu ya maji. Yaani 4, jumlisha 3.5 za bamvua, jumlisha 1 ya omo: 8.5. Mara tano ni mita 42 na nusu. Aliyehesabu kwa kina cha asubuhi na omo ameteremsha mita 25, na ikifika saa kumi jioni hizo ni mara tatu tu. Hapo upepo wa alasiri ukiongezeka, nanga inaanza kuburutwa.

Halafu kuna sakafu yenyewe. Mchanga na tope hushika. Majani ya bahari huizuia nanga isizame, ikateleza juu yake kama kwenye mkeka. Matumbawe ni mabaya pande zote mbili: ama nanga inanasa usiitoe, ama inavunja kiumbe kilichochukua miaka mingi kukua. Manahodha wa zamani walitupa bildi, kipande kizito cha kupimia kina, iliyopakwa mafuta mazito chini yake, ikarudi imebeba mchanga au tope, nao wakajua. Sisi tunategemea macho, na macho yanahitaji jua mgongoni. Anayeuingia mwambao wa bara akitoka baharini anaelekea magharibi, hivyo aingie asubuhi. Akija jioni jua litampiga usoni na hatautofautisha mwamba na kivuli cha wingu.

Baada ya kina na sakafu, upepo. Hapa wenyeji tuna urithi mkubwa kuliko tunavyoutumia. Jahazi zilizokuja na kaskazi na kurudi na kusi hazikuuliza kama bandari ni nzuri. Ziliuliza ni nzuri msimu gani. Ghuba ya Msasani, Dar es Salaam, ina rasi upande wa mashariki na mdomo wazi kaskazini. Wakati wa kusi, yoti hutulia pale. Kaskazi ikiingia, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, mawimbi huja moja kwa moja, na utaamka vikombe vikigongana. Mikono ya bahari kama Kilifi na Mtwapa huhifadhi chombo misimu yote, ila kote kuna madaraja. Ujue kimo cha mlingoti wako kabla ya kuwaza kupita chini yake, na ukihesabu, hesabu maji yakiwa yamejaa.

Boya lina sifa moja kubwa: halivunji matumbawe. Katika hifadhi za bahari, kama Chumbe, mwamba haupigwi nanga, na pakiwa na boya ndilo la kutumia. Visiwa vya Balearic vya Uhispania vilikwenda mbali zaidi, mwaka 2018 vikapiga marufuku kutia nanga juu ya malisho ya posidonia, majani ya bahari yanayokua polepole mno. Mahali kama hapo mjadala umekwisha: boya, au nenda kwenye mchanga.

Ila boya usiliamini kwa sura. Niliwahi kulipia moja, jipya linang'aa kama ndizi mbivu, nikalala vizuri. Asubuhi nikavaa miwani ya kuzamia nikashuka kutazama. Pete moja ya mnyororo ilikuwa imelika hadi wembamba wa kidole changu cha mwisho. Kilichokuwa kipya ni plastiki ya juu tu. Tangu hapo nashuka kwanza, nalipa baadaye. Kama maji ni machafu huoni kitu, uliza: jiwe lina uzito gani, limewekwa kwa chombo cha urefu gani, mnyororo ulikaguliwa lini? Na ukiambiwa "tani moja ya zege", kumbuka zege ndani ya maji hupoteza zaidi ya theluthi ya uzito wake. Tani hiyo huwa kama kilo 570. Jiwe la uzito huo, lisipozikwa kwenye tope, linaweza kukokotwa na yoti ya mita 12 siku ya upepo mkali. Ukishafunga, rudi nyuma kwa injini, uone kama linakaa.

Marina sina mengi ya kusema juu yake. Kwetu marina kamili ni chache. Vilabu vya yoti na karakana za boti hutoa maboya zaidi kuliko magati. Ukiwa Muscat utakuta Al Mouj, ukiwa Croatia utakuta kampuni ya ACI, iliyoanzishwa 1983, ina mlolongo wa marina pwani nzima. Bei huenda kwa urefu wa chombo, na katamarani, chombo chenye viwiliwili viwili, hutozwa zaidi kwa kuwa inakula nafasi. Uliza kina cha mlangoni wakati wa maji kupwa, uliza upepo wa msimu utakusukuma gatini au utakutoa, na uandae dafrau, mito ya kukinga ubavu, kabla hujaingia. Jambo moja ambalo wahudumu hawakwambii: waya wa umeme wa gatini unaweza kukiunganisha chombo chako na vya majirani, na vipande vya zinki vinavyokinga rafadha (panga boi) yako dhidi ya kutu vikaliwa upesi. Faida halisi ya marina ni unapokiacha chombo miezi miwili ukapanda ndege kwenda kuwaona wazee.

Adabu nayo ni sehemu ya kuchagua. Aliyetangulia ana haki ya mzunguko wake. Mgeni ndiye anayesogea. Chombo cha mnyororo, cha kamba na kilichofungwa boyani havizunguki sawa upepo na mkondo vikipingana. Usiupime umbali kwa jinsi mlivyo saa ile, fikiria wote wamegeuka. Na usizibe njia ya ngalawa. Wale jamaa watatoka kabla ya adhana ya alfajiri, bila taa, na wewe ndiye uliyelala barabarani.

Kabla ya kulala, simama omo utafute vitu viwili ufukweni vilivyopangana, mnazi na mnara wa msikiti tuseme, na vingine viwili upande mwingine. Vikibaki vimepangana, nanga imeshika. Vikiachana, chungulia kwanza kama upepo umegeuka au ni wewe unayekwenda. Siku za bamvua, tega kengele ya simu saa kumi alfajiri, maji yakiwa yamejaa na mnyororo ukiwa mfupi kuliko saa zote ukilinganisha na kina, utoke uvitazame tena.