Kufanana kwa nyimbo si ushahidi wa wizi

Imani kwamba nyimbo mbili zinazoweza kuimbwa juu ya mapigo yaleyale ya gitaa lazima moja imeibwa ni ya siku nyingi, na imewachafulia majina watunzi wasio na hatia. Mfano ulio wazi ni kesi ya «Thinking Out Loud» ya mwimbaji Mwingereza Ed Sheeran, iliyotoka mwaka 2014, na «Let's Get It On» ya mwimbaji Mmarekani Marvin Gaye ya mwaka 1973. Ukizisikiliza mfululizo, utasikia kodi nne (yaani «chords», sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) zinazopanda kwa namna inayokaribiana sana, tena kodi nyingine zikiingia kabla kidogo ya pigo linalotarajiwa. Mfanano huo ni wa kweli, wala sioni sababu ya kuukana.

Hata hivyo, mwezi Mei 2023, baada ya Sheeran kupiga gitaa kizimbani, baraza la wazee wa mahakama jijini New York liliamua kwamba aliutunga wimbo wake mwenyewe. Mwaka 2024, katika kesi nyingine kuhusu nyimbo hizohizo, mahakama ya rufaa ilieleza kuwa mchanganyiko ule wa kodi na mapigo ni wa kawaida mno kumilikiwa na mtu mmoja. Sheria hulinda kile alichobuni mtunzi, hasa mahadhi na maneno, ilhali mifuatano ya kawaida ya kodi hubaki mali ya wote, kama ile ya kodi tatu inayobeba nyimbo nyingi za dansi za Afrika Mashariki.