Lile bao la sekunde 10 la Quinnipiac halikuwa bahati

Kila nikigusia msimu wa 2022-23 wa hoki ya barafu ya vyuo Marekani lazima atokee mtu aniambie eti chuo cha Quinnipiac walibahatika kuwa mabingwa, bao sekunde 10 tu baada ya muda wa ziada kuanza, nani asiyebahatika hivyo. Mimi kazi yangu ni kukaa na video za mechi nairudisha nyuma nairudisha tena mpaka macho yanauma, na nakwambia hapana.

Anza na fainali yenyewe ya taifa, Tampa, Aprili 8, 2023. Wapinzani wao Minnesota wana akina Logan Cooley, Snuggerud, Knies, vijana ambao timu za NHL, ligi kuu ya kulipwa, zilishawachukua kabla hata hawajamaliza chuo, na wako mbele 2-0. Ukiishia kwenye ubao wa matokeo unaona Quinnipiac wanakufa. Sasa hesabu mashuti: mechi nzima Quinnipiac 30, Minnesota 15. Kumi na tano tu jamani, na mastaa wote wale! Paki (kile kisahani kinachochezewa badala ya mpira) hawaipati, wakiipata wanabanwa ukutani. Msimu mzima ndo ulikuwa hivyo, ndo maana kipa wa Quinnipiac Yaniv Perets alimaliza mechi 10 bila kuruhusu bao, mzuri kweli lakini hao mbele yake walimpunguzia kazi sana.

Fillion wa Quinnipiac akarudisha moja. Halafu kocha Rand Pecknold akamtoa kipa, yaani goli liko wazi kabisa, anaingia mshambuliaji wa sita, mkipoteza paki mpinzani anasukumia tu kutoka hata katikati ya uwanja. Zimebaki dakika 2 na sekunde 47, Collin Graf akasawazisha. 2-2.

Sasa hizo sekunde 10. Muda wa ziada ni bao la dhahabu, anayefunga mechi imeisha. Wakati paki inadondoshwa katikati usiiangalie paki, mwangalie Jacob Quillan wa Quinnipiac. Paki inarudi kwa beki Zach Metsa, Metsa anaipeleka mbele kwa Sam Lipkin, na Quillan wala hajageuka kutafuta iko wapi, yeye anateleza tu kwenda golini kwa sababu anajua itamkuta huko, Lipkin anamsogezea, kipa Justen Close anachengwa, kwisha. Mtu anayebahatisha hakimbii hivyo, hiyo ni ya kupangwa chumbani.

Wala msimu haukuwa asali tupu, nusu fainali ya ligi yao ECAC walitolewa na Colgate na ikawauma. Ila baada ya pale, kwenye mashindano ya taifa, waliwapiga Merrimack 5-0, Ohio State 4-1, Michigan ya Adam Fantilli 5-2, kisha Minnesota. Rekodi ya mwisho 34 ushindi, 4 vipigo, sare 3, na kombe la kwanza la taifa kwa chuo ambacho fainali za 2013 na 2016 zote kilipigwa. Pecknold yuko hapo tangu 1994.

Wa bahati waje na video.