Noti zilezile, upinde mwingine

"Mwalimu, noti zote nimepiga sawasawa. Mbona haifanani na yao?"

Aliyeniuliza hivyo alikuwa ameshapiga fidla ya klasiki kwa miaka minane. Alijifunza rili moja, yaani wimbo wa dansi wa haraka, ya Kiayalandi kutoka kwenye karatasi, na kweli hakukosea noti hata moja. Shida ilikuwa upinde. Kila noti aliipa uzito uleule, kama mtu anayesoma shairi huku akihesabu mizani.

Tangu siku hiyo, nikimfundisha mtu mtindo mgeni kwake, naanza na mkono wa kulia, ule unaoshika upinde. Wanafunzi wengi hudhani jazi au muziki wa kiasili ni suala la kujua noti nyingine. Mara nyingi noti ni zilezile, ila upinde unageuka, kutoka kushuka hadi kupanda au kinyume chake, mahali pengine.

Zoezi langu ni hili. Chukua kifungu cha noti nane zinazolingana urefu, chepesi kiasi cha kukikariri kwa dakika mbili, kisha weka karatasi mbali. Kwanza kipige kila noti na upinde wake, shuka na panda. Hapo hakuna ugeni. Sasa unganisha noti ya pili na ya tatu kwenye upinde mmoja, ya nne na ya tano, ya sita na ya saba. Ya kwanza na ya mwisho ziache peke yake. Utaona upinde unageuka kwenye noti dhaifu, nusu ya pigo, badala ya kugeuka pale mguu unapogonga sakafu. Gandamiza kidogo kila unapougeuza na kifungu kitaanza kuyumba kwa raha. Ukiendelea kuunganisha hivyohivyo, lakini noti moja ukairefusha na inayofuata ukaifupisha, karibu 2 kwa 1, umeshafika mlangoni mwa jazi. Kadiri wimbo unavyokimbia, tofauti hiyo inapungua. Msikilize Stéphane Grappelli, mpiga fidla wa jazi, kwenye rekodi za miaka ya 1930 utambue jinsi anavyotumia upinde kidogo mno. Wanafunzi wangu wa klasiki hutaka kuumaliza wote, toka ncha hadi mkononi.

Mwanafunzi yule alihitaji wiki tatu kuacha kugeuza upinde pamoja na pigo la mguu. Wiki ya pili alikasirika kabisa. Sikumlaumu, mkono uliozoea miaka minane haubembelezeki kwa siku moja.

Kuna pia chopu, ambayo vijana huipenda kuliko yote. Unaangusha upinde wima juu ya nyuzi, karibu na mahali unapoushika, kisha unauacha hapohapo bila kuuvuta. Hutoka mkwaruzo mkavu, hauna noti, ni mdundo mtupu. Anayetajwa kuianzisha ni Richard Greene, katika bluugrasi, mtindo wa muziki wa kiasili wa Marekani, miaka ya 1960. Kwa darasa ni dawa: mmoja anashika mdundo kwa chopu, mwingine anapiga wimbo, halafu wanabadilishana.

Mkono wa kushoto nao una zamu yake. Katika makamu (ngazi ya noti ya muziki wa Kiarabu) ya Rasti, ambayo wapenzi wa taarab asilia wameisikia hata kama hawaijui jina, noti ya tatu hukaa kati ya ile ya meja (ya juu kidogo) na ile ya maina (ya chini kidogo). Fidla haina vikato shingoni, kwa hiyo kidole kinaweza kutua popote; sikio ndilo linalokataa. Simwambii mwanafunzi "shusha robo toni". Namwimbia, aniimbie, ndipo aitafute kwenye uzi. Akianza na kidole, ataishia kupiga meja iliyochuja.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa kusini mwa India, ambako fidla iliingia katika muziki wa Karnatiki, yaani muziki wa klasiki wa huko, karne ya 19. Mpigaji huketi chini na kuegemeza kichwa cha fidla kwenye kifundo cha mguu. Ala imeshikika yenyewe, basi mkono wa kushoto uko huru kuteleza juu na chini kama sauti ya mwimbaji. Ukitaka kujua kwa nini miteleza yako inakwama, chunguza kwanza kidole gumba kinachobeba fidla.

Na kubuni papo hapo? Wa klasiki wasikimbie, ni urithi wao pia: sonata (tungo za ala) za mtunzi Corelli za mwaka 1700 zilichapwa tena miaka kama kumi baadaye na mapambo ya sehemu za polepole, maana mpigaji alitarajiwa kuongeza yake. Mimi naanza na noti tatu tu. Napiga swali, mwanafunzi anajibu kwa noti hizohizo. Ukimpa skeli nzima, yaani ngazi yote ya noti, anaganda.

Ukitaka kujaribu leo, shusha uzi wa A uwe G na wa E uwe D, upate G-D-G-D kama wapigaji wengi wa Kiarabu. Uzi ulio wazi utaitikia kila unachopiga. Nyuzi za chini usizipandishe kwanza, zitakazika mno. Ukimaliza rudisha polepole, moja baada ya nyingine, na kila mara kagua daraja, kile kibao kinachoinua nyuzi: likianza kuinamia upande wa shingo, lisimamishe kwa vidole vya mikono miwili kabla hujaendelea kukaza.