Wafugaji wa Marekani na ardhi ya umma, tunayosikia na yalivyo kweli

Juzi nilimsindikiza mjomba mnada wa Pugu kutafuta ng'ombe wa shughuli, stori zikahamia kwa wafugaji wanaotolewa hifadhini, mzee mmoja dalali akasema, "Mwanangu, Marekani mfugaji ana ardhi yake, serikali haimgusi." Mzee namheshimu lakini siyo hivyo, na hii kitu naisikia kila siku, ndo maana naandika.

Dhana: Marekani ardhi yote ni ya watu binafsi.

Serikali kuu ya kule inamiliki kama asilimia 28 ya nchi, na jimbo la Nevada peke yake ni kama asilimia 80. Mfugaji wa magharibi anakuwa na shamba lake lenye nyumba na maji, halafu ng'ombe wanachunga ardhi ya umma kwa kibali. Sheria ya malisho ni ya 1934, ilikuja maana kabla ya hapo kila mtu aliingiza mifugo anavyotaka mpaka majani yakaisha.

Dhana: ukiwa na kibali basi ardhi ni yako.

Hapa ndo kwenye ugomvi wenyewe. Kibali kwa kawaida ni cha miaka 10, idadi ya ng'ombe inaweza kupunguzwa na kibali chenyewe kinaweza kufutwa. Lakini kinafungamana na shamba, ukiuza shamba mnunuzi ndo anatangulizwa kukipata, kwa hiyo bei inapanda kwa ajili ya hayo malisho na hata benki inayaangalia ikikopesha. Sasa fikiria mtu babu yake kachunga hapo, baba yake kachunga hapo, yeye kanunua shamba la jirani kwa bei iliyobeba mpaka malisho, halafu afisa anakuja anamwambia punguza ng'ombe, lazima aone kaibiwa. Mimi huo uchungu nauelewa kabisa, ila sheria haiko upande wake, maana tangu 1911 Mahakama ya Juu ya kule, kwenye kesi ya mfugaji Fred Light wa Colorado, ilishasema serikali ina haki ya kumzuia mtu kuchungia ardhi ya serikali bila kibali.

Dhana: mfugaji Cliven Bundy wa Nevada alivamiwa tu na serikali 2014.

Hapana jamani. 1993 masharti ya kibali chake yalibadilishwa kulinda kobe wa jangwani, akagoma kulipa ada. Mahakama ikamwamuru atoe ng'ombe 1998, ikamwamuru tena 2013. Aprili 2014 ndo maafisa wakaja kuwakamata hao ng'ombe, watu wenye bunduki wakajitokeza kumtetea, serikali ikawaachia ng'ombe ili damu isimwagike. Deni lilikuwa limepita dola milioni moja, na ada siyo kubwa kivile: 2019 kwa mfano ilikuwa dola 1.35 kwa mwezi kwa ng'ombe na ndama wake, au kondoo watano, wakati kukodi malisho ya mtu binafsi mara nyingi inapita dola 20.

Kuna wanaosema mahakama ilimsafisha. Januari 2018 jaji alifuta kesi yake ya jinai ya tukio hilo la 2014 kwa sababu waendesha mashtaka walificha ushahidi ambao utetezi ulitakiwa kupewa, na hilo ni kosa kubwa la serikali, lisemwe wazi. Lakini ile amri ya kutoa ng'ombe haikufutwa, ni kesi mbili tofauti.

Dhana: wafugaji ndo wenyeji wa asili.

Hii inaniuma zaidi. Januari 2016 wanawe Bundy na wenzao walikalia ofisi za hifadhi ya ndege ya Malheur kule Oregon, siku 41, mwenzao mmoja, LaVoy Finicum, akapigwa risasi na polisi akafa, na muda wote hoja ilikuwa ardhi irudishwe kwa wananchi, wakimaanisha wafugaji na wakata mbao. Kabila la Burns Paiute liko hapo hapo jirani, mababu zao waliishi pale maelfu ya miaka kabla ya ng'ombe wa kwanza kufika. Wiki hiyo hiyo ya kwanza viongozi wao waliita waandishi wa habari, wakasema hii ni nchi ya mababu zetu, ondokeni.