Virusi vya Zika na Ujauzito: Kwa Nini Kinga Haisubiri Homa

Mjamzito anaweza kuambukizwa virusi vya Zika, vinavyoenezwa hasa na mbu, akavipitisha kwa mtoto aliye tumboni, na yeye mwenyewe asiugue hata siku moja. Kadiri ya watu wanne katika kila watano wanaoambukizwa hawaoni dalili yoyote, na wanaoziona hupata homa isiyo kali, vipele, macho mekundu na maumivu ya kichwa na viungo, mambo ambayo kwa kawaida huisha baada ya siku mbili hadi saba. Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza mama si kama aliugua, bali ni kama yeye au mwenzi wake alikuwa mahali penye maambukizi, na lini.

Virusi hivi viligunduliwa mwaka 1947 katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe nchini Uganda, vikiwa katika damu ya nyani aliyewekwa kwenye kizimba na watafiti waliokuwa wakifuatilia homa ya manjano. Mwaka uliofuata vilipatikana kwa mbu wa msitu huohuo, na kufikia 1952 kingamwili zake zilikuwa zimeonekana katika damu ya watu wa Uganda na Tanganyika. Kwa miongo kadhaa baada ya hapo havikumtia mtu hofu. Hata mwaka 2007, vilipoenea katika kisiwa cha Yap huko Mikronesia na kuambukiza karibu robo tatu ya wakazi, hakuna aliyelazwa wala kufariki kwa ajili yake.

Mambo yalibadilika Brazil. Maambukizi yalithibitishwa huko Mei 2015, na miezi michache baadaye madaktari wa Recife, kaskazini mashariki mwa nchi hiyo, wakaanza kupokea watoto wachanga wenye vichwa vidogo kupita kawaida, wengi kuliko walivyozoea kuona. Mwezi Novemba, Dkt. Adriana Melo wa mji wa Campina Grande alipeleka maabara maji yaliyochukuliwa tumboni mwa wajawazito wawili ambao ultrasaundi zao zilionyesha kasoro katika ubongo wa watoto, na virusi vya Zika vikakutwa humo.

Hata hivyo, mambo mawili kutokea kwa wakati mmoja hakuthibitishi kwamba moja limesababisha jingine, na wakati huo wapo waliodai kwamba tatizo lilitokana na dawa ya kuua viluwiluwi iliyotiwa katika maji ya kunywa. Timu iliyoongozwa na mtafiti wa Brazil, Profesa Celina Turchi, iliamua kulinganisha: kwa kila mtoto aliyezaliwa na kichwa kidogo, walitafuta watoto wawili waliozaliwa bila tatizo hilo, wakapima wote. Katika matokeo ya awali ya mwaka 2016, maabara ilithibitisha Zika kwa watoto 13 kati ya 32 wenye vichwa vidogo, na haikuthibitisha kwa hata mmoja kati ya 62 wa kulinganishwa nao. Kwa maoni yangu, hapo ndipo shaka ilipoanza kukosa pa kusimama. Tayari Aprili mwaka huohuo, wataalamu wa Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani walitamka kwamba Zika husababisha madhara hayo.

Virusi hupenya kondo la nyuma na kushambulia seli changa ambazo zingezalisha seli za ubongo. Ubongo usipokua, fuvu nalo hudumaa. Kichwa kidogo, basi, ni alama tu ya jeraha lililo ndani, na wapo watoto wanaozaliwa na kichwa cha kawaida lakini baadaye wakabainika kuwa na matatizo ya kuona, kusikia, kifafa au viungo vilivyokakamaa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asilimia 5 hadi 15 ya watoto wa mama walioambukizwa wakiwa wajawazito hupata madhara. Mama anayesubiri majibu ya vipimo anastahili kuelezwa pia upande wa pili wa hesabu hiyo: kwamba watoto walio wengi hawapati madhara hayo. Hatari ni kubwa zaidi katika miezi mitatu ya kwanza, ingawa hakuna kipindi cha ujauzito kilicho salama kabisa.

Wasomaji wa Afrika Mashariki huuliza mbona virusi vilivyogunduliwa kwetu vikaonyesha ubaya wake ng'ambo. Virusi vilivyosambaa Brazil ni vya ukoo wa Asia, na ukoo huo umeshafika Cape Verde na Angola, ambako watoto wenye vichwa vidogo walionekana. Tusijifariji kwamba ukoo wa Afrika ni dhaifu: katika majaribio ya maabara, mbu waliusambaza kwa wepesi zaidi, na uliwadhuru panya zaidi. Huenda ukaharibu mimba mapema, na mimba iliyotoka mapema mara nyingi haichunguzwi chanzo chake.

Mbu mkuu anayeeneza Zika, Aedes aegypti, ndiye aliyeeneza dengue Dar es Salaam. Huuma mchana, hasa asubuhi na jioni, hivyo chandarua cha usiku pekee hakitoshi. Nguo ndefu, dawa ya kupaka yenye DEET, kemikali inayofukuza mbu, ikitumiwa kama ilivyoelekezwa, na kumwaga maji yaliyotuama katika ndoo, matairi na vifuu hupunguza hatari.

Zika huambukizwa pia kwa kujamiiana, na hapa akina baba hawana budi kusikiliza. Mwanamume aliyerudi kutoka eneo lenye maambukizi anashauriwa kutumia kondomu au kujizuia kwa miezi mitatu, na mwanamke kwa miezi miwili, hata kama hawakuugua. Ikiwa mke ni mjamzito, tahadhari hiyo iendelee hadi atakapojifungua. Chanjo bado hakuna. Mjamzito akipata homa au vipele afike kliniki mapema, aeleze safari zake na za mumewe, na asimeze aspirini wala ibuprofeni kabla dengue haijaondolewa katika orodha ya magonjwa yanayoshukiwa, kwa kuwa dawa hizo huongeza hatari ya kutokwa damu.