Doa Lisilotoka na Mtoto Anayeukimbia Mswaki

"Hayo meno ya kahawia ni uchafu, msugue vizuri." Hapa Nakuru wazazi wengi tumeambiwa hivyo, nasi tukatii. Nilimsugua kifungua mimba wangu wa miaka 8 mpaka fizi zikatoa damu, doa likabaki palepale. Mdogo wake wa miaka 2 alikuwa mlangoni akitazama. Tangu siku hiyo, akiuona mswaki anaingia chini ya meza.

Doa lile si uchafu. Limo ndani ya jino. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa hupita kwenye miamba ya volkeno yenye madini ya floraidi. Mtoto akiinywa kwa wingi wakati meno ya ukubwani bado yanaundwa ndani ya ufizi, hasa kabla ya miaka 8, yanaota tayari yana mabaka. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Ukisugua kwa jivu, mchanga au mkaa, unakwaruza gamba la jino bure.

"Chemsha maji, itaisha." Haiishi. Vijidudu hufa, floraidi hubaki, na maji yakipungua kwa mvuke huzidi kukolea. Afadhali maji ya mvua, ambayo karibu hayana floraidi, au chujio la mkaa wa mifupa.

"Basi tuache dawa ya meno yenye floraidi." Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, hata mimi. Inayoleta mabaka ni ile inayomezwa. Inayogusa jino kwa nje hulikinga lisitoboke. Kwa hiyo kipimo ni kidogo: chini ya miaka 3, kiasi cha punje ya mchele, kuanzia 3 hadi 6, punje ya minji, na mtoto afundishwe kutema. Kujaza mswaki mzima kunamfaidi muuza dawa.

"Ya utoto yatang'oka tu." Ndiyo, lakini magego ya utoto hukaa hadi miaka 10 au 12. Likioza, mtoto hali wala halali.

"Mbishi ashikwe kwa nguvu." Nilijaribu, nikaumwa kidole. Siku hizi yule mdogo huanza kunipiga mimi mswaki, tena kwa ukali, kisha hulaza kichwa mapajani mwangu, ikawa zamu yangu. Kumbe dawa ya mnanaa ilikuwa ikimwasha. Nikatafuta isiyo kali. Siku akigoma kabisa, mswaki na maji matupu. Usiku sikubali ukose, maana tukilala mate yanayoosha meno hupungua, na baada ya mswaki hakuna tena chai ya sukari.

Juzi kaka yake aliniuliza kama doa lake litatoka. Nikamwambia kwa mswaki halitoki, ila daktari wa meno ana njia za kulififisha. Akaitikia, akachukua mswaki wake na kuupitisha polepole.