Knights of Columbus si Frimasoni

Jumapili iliyopita mama mmoja wa kwetu alirudisha makoti ya wanawe wawili, na theluji imeshaanza kuanguka. Kaambiwa kwamba waliogawa, Knights of Columbus, chama cha kusaidiana cha wanaume Wakatoliki, ni Frimasoni waliojificha kanisani. Nafundisha katekesi kwa Waswahili waliohamia huku Marekani, na neno hili nimelisikia hadi nimechoka.

Dhana: ni Frimasoni wa Kikatoliki.

Ni kinyume kabisa. Papa Klementi XII aliwakataza Wakatoliki kuingia Frimasoni mwaka 1738, na katazo hilo halijaondolewa. Lakini kule jimbo la Connecticut miaka ya 1880, baba akifa kiwandani mjane alibaki mikono mitupu, na vyama vya siri kama Frimasoni vilikuwa vikiwavuta wanaume kwa ahadi ya kuzitunza familia zao. Padre Michael McGivney aliyajua hayo tangu kwao: baba yake alifariki mwaka 1873, akamwacha mama na watoto. Oktoba 1881 akawaita wanaume wa parokia ya Mtakatifu Maria, New Haven, katika chumba cha chini ya kanisa. Tarehe 29 Machi 1882 chama kikasajiliwa. Wanachama wachange, mwenzao akifa mjane na yatima wapate chochote. Sisi tunakiita chama cha kufa na kuzikana! Nani kati yetu hajawahi kuchangia kimoja?

Kile kiapo cha kuwaua Waprotestanti mnachosomeana, eti ndicho wanachoapa Knights, ni cha kughushi. Mwaka 1914 Frimasoni wa California walipewa taratibu zote za chama wazikague, nao wakathibitisha kwamba hakimo. Ni kweli zamani sherehe za kuingia zilifanyika faraghani. Tangu 2020 mtu anaweza kupokewa hadharani, mkewe na watoto wakitazama. Nendeni mkakae benchi la mbele, ndipo mje tuzungumze. Na McGivney, aliyefariki 1890 akiwa na miaka 38 tu, Kanisa lilimtangaza mwenyeheri, hatua moja kabla ya mtakatifu, Oktoba 2020. Kanisa halimpi Frimasoni heshima hiyo.

Dhana: Columbus ndiye mwanzilishi. Alikufa mwaka 1506. Jina lilichaguliwa kwa kuwa Wakatoliki walitukanwa kuwa ni wageni, nao wakataka kukumbusha kwamba baharia huyo aliyewafungulia Wazungu njia ya Amerika naye alikuwa Mkatoliki.

Dhana: wanasaidia Wakatoliki tu. Uanachama ndio wa wanaume Wakatoliki, kuanzia miaka 18. Msaada hauulizi dini. Kwenye vibanda vyao vya askari wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kibao kilisema wote wanakaribishwa na kila kitu ni bure.

Dhana: ukipokea koti utauziwa bima. Bima ni ya wanachama na familia zao, tena kwa hiari.

Makoti ya yule mama nimeyatundika ofisini parokiani, moja la bluu, moja jekundu. Jumamosi nitampelekea mwenyewe.